Goti la Mtoto Lisomwe Kama Goti la Mtoto

Leo nataka tuzungumze juu ya goti. Sisemi goti la mzee linalouma baridi ikiingia, wala goti la mchezaji wa ligi kuu ambalo magazeti huliandika wiki nzima. Nasema goti la mtoto wa miaka 9, wa 12, wa 15: yule anayecheza chandimu mpaka giza linaingia, anayeruka kwenye mpira wa pete shuleni, anayekimbia vilima vya Iten alfajiri akiota Olimpiki. Huyo akiumia goti tunasema ameteguka. Tunamchua kwa mafuta, tunamkanda kwa maji ya moto na chumvi, akizidi kulia tunampeleka kupigwa eksirei. Picha ikirudi na taarifa kwamba mfupa haujavunjika, wote tunashusha pumzi, na mtoto anaambiwa ajikaze.

Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Taarifa kwamba mfupa haujavunjika, ikitolewa kwa mtoto, haina uzito ule ule iliyo nao kwa mtu mzima. Eksirei huona mfupa. Gegedu haiioni. Na goti la mtoto, sehemu yake kubwa bado ni gegedu.

Ukipiga picha goti la mtoto wa miaka 2, pia ya goti haionekani kabisa. Ipo, ukiipapasa unaikuta, ila ni gegedu tupu. Mfupa huanza kujijenga ndani yake akiwa na miaka 3 hadi 6. Na kwa miaka mingi baada ya hapo, karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki tabaka jembamba la gegedu, na humo ndimo mfupa unamorefukia. Tabaka lililo chini ya fupa la paja, juu kidogo tu ya goti, peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya urefu wa fupa hilo, kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Kwenye eksirei linaonekana ni mstari mweusi unaokatiza mfupa mweupe. Mzazi akionyeshwa picha anashtuka, anadhani ni ufa. Na daktari aliyezoea mifupa ya watu wazima anaweza kukosea upande wa pili: anauona ufa wa kweli, anadhani ni mstari wa ukuaji.

Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa, na mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazolishika goti. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kilichopigwa kwenye udongo laini. Akivuta kwa nguvu kamba haikatiki, kigingi ndicho kinachong'oka. Nguvu ile ile ambayo ingechana kano ya mtu mzima, kwa mtoto hung'oa kipande cha mfupa au huachanisha tabaka la ukuaji. Kwa hiyo anayelisoma goti la mtoto akitafuta majeraha ya wakubwa atayakosa, na yale yaliyopo atayapita.

Chukua mtoto wa miaka 10 aliyeanguka na baiskeli. Goti limevimba ndani ya saa chache. Uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu iliyovuja ndani ya goti, na damu ndani ya goti la mtoto haiji bure. Angekuwa mtu mzima ungeshuku ACL, ile kano ya katikati ya goti ambayo mashabiki wa mpira wameizoea kwa herufi zake. Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14, kano hiyo inaweza kuwa haijakatika, lakini imeng'oa kinundu cha mfupa juu ya muundi, pale inapojishikiza. Picha ya mbele inaweza kukificha kipande hicho. Ya ubavuni ndiyo inayokionyesha kikiwa kimeinuka. Mwaka 1959 Meyers na McKeever waliyapanga majeraha haya katika ngazi tatu: kipande kilichobaki mahali pake, kilichoinuka upande mmoja huku upande wa pili ukiwa umeshika, na kilichoachana kabisa na mfupa. Mpangilio wao bado unatumika hospitalini kwa sababu ndio unaoongoza tiba. Mwenye jeraha la ngazi ya kwanza hufungwa hogo na kusubiri. Wa ngazi ya tatu kwa kawaida huenda chumba cha upasuaji. Na aliyeambiwa ameteguka tu, akakandwa na kurudi uwanjani, anaweza kubaki na goti lisilonyooka sawasawa na lisilomshika.

Lakini jeraha ambalo ningependa kila mwalimu wa michezo alijue ni la pia ya goti. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 anaruka, au anaupiga mpira kwa nguvu zake zote, na msuli wa mbele ya paja unakaza ghafla. Kwa mtu mzima pia ingepasuka vipande viwili, au kano ingekatika. Kwa mtoto, kano inalibandua ganda la gegedu kwenye ncha ya chini ya pia, na ganda hilo linaondoka na chembe tu ya mfupa. Eksirei inaionyesha chembe ya milimita chache. Pengine haionyeshi chochote. Mtu aliyechoka, mwenye foleni ya wagonjwa arobaini nje ya mlango, anaiona chembe hiyo na kuiita ndogo, kumbe nusu ya uso wa chini wa pia imekwenda nayo.

Madaktari wawili, Houghton na Ackroyd, walilieleza jeraha hili mwaka 1979, na tangu hapo linajulikana. Bado linapita mikononi mwa watu. Dalili zake huonekana kabla ya picha yoyote: goti limevimba, pia imepanda juu kuliko mwenzake wa mguu wa pili, na mtoto akilazwa chali hawezi kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Hili la kuinua mguu linaweza kutazamwa pembeni ya uwanja, bila mashine. Mtoto akishindwa, eksirei safi isimtulize mtu. Altrasaundi ikiwekwa hapo mbele ya goti huonyesha kwa dakika chache kama kuna mwanya kati ya pia na ganda lake. Mashine yake inabebeka, haina mionzi, na ipo katika hospitali nyingi ambazo hazina mashine ya MRI. Inachohitaji ni mkono uliozoea magoti, maana mikono mingi tuliyo nayo imezoea matumbo ya wajawazito. Nasema hivyo nikiwaheshimu sana wanaofanya kazi hiyo, kwani wamefundishwa walichofundishwa. Ila mafunzo ya kupima goti kwa altrasaundi yangegharimu kidogo sana kuliko MRI mpya katika kila mkoa.

Na eksirei yenyewe tusiidharau. Ina mambo mengi ya kusema ikipigwa vizuri. Mlaze mtoto chali, uache goti litulie dakika kadhaa, kisha mionzi ipite kwa ubavu, sambamba na kitanda. Kama kuna mfupa uliovunjika hadi ndani ya kiungo, mafuta ya uboho yamevuja pamoja na damu, na mafuta huelea juu. Picha itaonyesha mstari ulionyooka kabisa, mafuta juu na damu chini. Ufa wenyewe unaweza usionekane popote. Mstari huo unatosha kukuambia kwamba upo, na kwamba mtoto huyu asiende nyumbani kabla hajatazamwa zaidi. Picha hiyo haigharimu shilingi moja zaidi ya ile ya kawaida. Inataka tu mtu aiombe.

Kuna alama nyingine ndogo inayonistaajabisha kwa historia yake. Mwaka 1879 daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Paul Segond, alikuwa akiyasokota magoti ya maiti ili aone yanavyoumia. Akagundua kwamba ukilisokota goti kwa namna fulani, kipande chembamba cha mfupa hung'oka kwenye ukingo wa nje wa juu ya muundi. Hapakuwa na eksirei duniani; Wilhelm Röntgen aliigundua miaka 16 baadaye, Novemba 1895. Leo kipande hicho kinaitwa kwa jina la Segond, na mara nyingi huonekana kwa vijana waliokwisha kukua kidogo, wanaocheza mpira wa miguu au wa kikapu. Chenyewe si kitu cha kutisha. Kinatisha kwa habari inayokuja nacho, kwa kuwa wengi wanaokutwa nacho wamechanika pia ACL. Kijana mwenye kipande hicho anastahili MRI hata kama anatembea.

Hadi hapa nimesema juu ya magoti yaliyoumia siku moja, saa inayojulikana. Yapo mengine yasiyo na siku. Mtoto anaumwa goti miezi mitatu, hakuna aliyemkanyaga, hakuanguka. Wengi wao, hasa wanaoruka na kukimbia sana, wana uvimbe mgumu chini ya pia, pale kano inapojishikiza kwenye muundi. Osgood wa Boston na Schlatter wa Zürich waliueleza ugonjwa huo mwaka mmoja, 1903, kila mtu kwake, na mara nyingi vidole vya daktari vinatosha kuutambua. Hausumbui akili. Unaosumbua ni ule ambao kipande cha mfupa kilicho chini ya gegedu, kwenye kifundo cha fupa la paja, kinadhoofika na kuanza kulegea kutoka mahali pake. Mjerumani Franz König aliupa jina mwishoni mwa karne ya 19, na sababu yake hasa bado inabishaniwa, ingawa kugongwagongwa kwa goti siku baada ya siku kunatajwa mno. Kipande hicho hupenda kukaa nyuma ya kifundo, kwa hiyo picha ya mbele iliyopigwa goti likiwa limenyooka inaweza kupita bila kukiona. Goti likikunjwa na mionzi ikaelekezwa katikati ya vifundo viwili, kinajitokeza.

Na hapa MRI inalipa gharama yake. Kwa mtoto anayeendelea kukua, vipande vingi hivi hushika tena vyenyewe kwa kupumzishwa miezi kadhaa. Kilicholegea kinahitaji daktari wa upasuaji kabla hakijachomoka na kuzurura ndani ya goti. Eksirei haiwezi kuvitofautisha vizuri. MRI huitazama gegedu juu yake kama ni nzima, na kama maji ya goti yamepenya nyuma ya kipande. Kumwambia mtoto wa miaka 13 asicheze mpira nusu mwaka ni jambo zito, na familia ina haki ya kujua kwa nini.

Sasa msikilizaji, nikueleze linaloniuma zaidi. Fomu ya kuomba picha. Mara nyingi ukifika chumba cha eksirei utaikuta imeandikwa maneno mawili: maumivu, goti. Haisemi mtoto ana umri gani, haisemi aliruka au aligongwa, haisemi goti lilivimba saa ngapi, haisemi kama anauinua mguu, haisemi kama anaamka usiku. Mpiga picha anapiga mbele na ubavu, anamaliza kazi yake kwa uaminifu, na msomaji anajibu alichoulizwa. Mashine ya mabilioni ikiulizwa swali tupu hutoa jibu tupu. Mstari mmoja wa maelezo kwenye fomu ungebadilisha pembe ya picha, aina ya picha, na mara nyingine kiungo chenyewe kinachopigwa picha.

Kiungo chenyewe, nimesema, na nina maana hiyo. Kuna watoto wa miaka 10 hadi 16, wengi wao wenye mwili mzito, wanaochechemea wakilalamikia goti, na goti lao ni zima. Kilichoharibika ni nyonga. Kichwa cha fupa la paja kimeteleza kwenye tabaka lake la ukuaji, na kwa kuwa mishipa ya fahamu ya nyonga na ya goti ina njia za pamoja, maumivu yanashuka hadi gotini. Goti likipigwa picha hata mara kumi halitaonyesha kitu. Wakati huo nyonga inaendelea kuteleza, na ikiteleza sana kichwa cha mfupa kinaweza kukosa damu na kufa. Mtoto akilala chali na nyonga yake ikikunjwa, mguu ukajipindia nje wenyewe, pigeni picha nyonga zote mbili siku hiyo hiyo, na asitembelee mguu huo.

Na anayeamka usiku kwa maumivu ya goti, huyo tusimkande. Mwezi Novemba 1976, kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, mcheza kikapu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, alipata ajali ya gari akaumia goti la kulia. Mwezi uliofuata goti lilimuuma tena, lakini alitaka kumaliza msimu wa mashindano, akavumilia. Machi 1977 maumivu yakamshinda, akaenda hospitali, ikaonekana ni saratani ya mfupa karibu na goti. Mguu ulikatwa juu ya goti akiwa na miaka 18. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu mmoja na mguu wa bandia kwa siku 143, kilomita 5,373, akichangisha fedha za utafiti wa saratani, mpaka ugonjwa uliohamia mapafuni ulipomsimamisha karibu na Thunder Bay. Alifariki Juni 1981. Ajali ile haikumletea saratani. Ilimpa sababu ya kuyaelewa vibaya maumivu yake. Saratani hii hupenda umri ule ule wa michezo na mahali pale pale pa goti, mwisho wa fupa la paja na mwanzo wa muundi, na eksirei ya kawaida kabisa, inayopatikana hospitali ya wilaya, huionyesha mara nyingi: mfupa ulioliwa, mfupa mpya uliotapakaa pembeni. Ugonjwa ni nadra. Nadra haina maana ya kutouliza.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo, na unawahusu wakimbiaji wetu vijana. Mfupa wa muundi ukichoshwa kwa mbio kupita kiasi huweza kupata ufa mdogo chini ya goti. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei haioni chochote. Baadaye mwili unajenga mfupa mpya kuziba ufa, na picha ikipigwa wakati huo bila historia ya mbio, mfupa huo mpya unaweza kudhaniwa uvimbe mbaya. Wapo wasomaji wa picha waliokaribia kuagiza kipande kikatwe kwa uchunguzi, ilhali kumuuliza kijana anakimbia kilomita ngapi kwa wiki na aliongeza lini kungemaliza mashaka. MRI huuona ufa mapema. Isipopatikana, pumziko na picha ya pili baada ya wiki tatu hufanya kazi nzuri.

Sitaki nieleweke kwamba kila goti liende MRI. Mashine hiyo huona sana, na kwa watoto huona hata yasiyo ugonjwa. Yale magegedu mawili ya umbo la mwezi mwandamo yaliyo ndani ya goti, kwa mtoto yana damu nyingi, na mng'ao wake huweza kusomwa kuwa yamechanika. Karibu na tabaka la ukuaji linapoanza kufunga, mfupa huonyesha unyevu ambao Zbojniewicz na Laor waliueleza mwaka 2011, na ambao wao waliuhusisha na kukomaa kwenyewe kwa mfupa. Kwenye eksirei nako kuna pia za goti ambazo kona ya juu ya nje haikuungana na sehemu nyingine. Kiasi cha watu 2 katika 100 wanayo, na wapo waliofungwa hogo kwa mvunjiko ambao haukuwahi kutokea. Ukiwa na shaka, piga picha goti la pili. Mtoto amekuja na kipimo chake cha kulinganishia.

Nimalizie na wale ambao jeraha lao lilionekana, likatibiwa, na hogo likafunguliwa. Tabaka la ukuaji la mwisho wa fupa la paja likivunjika, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba karibu nusu ya watoto hupata hitilafu fulani ya ukuaji baadaye. Haianzi siku ya kufungua hogo. Mtoto anatembea, anacheka, amerudi darasani, na upande mmoja wa tabaka umeshikana kimya huku mwingine ukiendelea kukua. Eksirei ya miezi sita baadaye inaweza kulionyesha hilo kabla jicho la mzazi halijaona mguu unapinda. Mfupa ulioumia huacha mstari mweupe pale ukuaji uliposimama, na ukuaji ukirudi mstari huo huachwa nyuma. Ukiwa sambamba na tabaka, mfupa unakua sawa. Ukiwa umeinama kuelekea upande mmoja, upande huo umeshikana, na hapo ndipo MRI itumike kupima ukubwa wa daraja la mfupa lililojengeka. Daraja dogo lililogunduliwa mapema linaweza kuondolewa na tabaka likaendelea na kazi yake. Likigunduliwa mguu umekwishapinda, kinachobaki mara nyingi ni kukata mfupa na kuunyoosha.

Kwa hiyo mama, baba, mwalimu uliyebaki na kadi ya kliniki ya mtoto huyo: tarehe iliyoandikwa mle ya kurudi, nenda nayo hata kama mtoto anakimbia. Omba apigwe picha akiwa amesimama, miguu yote miwili kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, na uichukue ile picha ya kwanza uende nayo.